Mshika Mwavuli wa Mto Mbaka

Karatasi waliyotugawia mlangoni siku ya kumuaga Daktari Wendel ilikuwa na picha yake ya ujana, amekaa juu ya pikipiki iliyojaa mchanga mpaka kwenye taa, na chini ya picha wasifu wa aya nne. Niliusoma nikiwa safu ya tatu kando ya Mama, makoti bado mwilini, theluji ya viatu vyetu ikiyeyuka kwenye zulia. Aya ya kwanza ilisema alikozaliwa Ujerumani na jinsi alivyoivuka Sahara. Ya pili ilisema alivyokuwa daktari wa misheni kusini mwa Tanzania, na baadaye konsuli wa heshima wa nchi yake katika bandari mbili. Ya tatu niliisoma mara mbili. Ilisema kwamba msimu mmoja wa mafuriko, ukingoni mwa Mto Mbaka, alimzalisha mwanamke aliyekuwa anakufa, kwa mikono yake mwenyewe, mvua ikimpiga mgongoni. Mama naye alikuwa amefika hapo hapo. Akanigusa kwa kiwiko. "Tusa," akaninong'oneza, "wamemrudisha mtoni bila mwavuli."

Mwaka nilioujua mto huo nilikuwa na miaka kumi na sita, darasa la kumi na moja, katika shule ya North York, pembezoni mwa jiji, yenye wanafunzi wengi kiasi kwamba mtu aweza kupotea humo bila kukosa kipindi hata kimoja. Mimi nilipotea. Mwalimu wa historia aliwahi kuniandika kwamba sikuhudhuria, nami nimekaa mbele yake, kwa sababu aliita jina langu na sikuweza kujibu kwa sauti ya kumfikia. Maneno yangu yote yalikwenda kwenye daftari, kila siku, ndani ya basi la barabara ya Finch, mwandiko ukiruka kila basi lilipokanyaga shimo. Sasa shule za jimbo letu la Ontario hazikupi cheti cha kumaliza bila saa arobaini za kujitolea. Wenzangu walizipata saa zao kwa kufundisha watoto kuogelea au kuuza keki kanisani. Mimi niliogopa watoto na niliogopa wateja. Ndipo Mama, aliyekuwa mhudumu katika nyumba ya wazee karibu na barabara ya Bathurst, akarudi kutoka kazini siku moja, akavua viatu, akasema, "Nimekupatia kazi. Yuko mzee Mjerumani ghorofa ya tatu, anatafuta karani. Mikono inamtetemeka, hawezi kuandika. Na anaongea Kiswahili kukuzidi wewe."

Kweli alinizidi. Nakiri kwamba nilikwenda kwa ajili ya saa tu, na kwamba siku ya kwanza niliona aibu kumkuta Mama kwenye korido ya wazee akisukuma toroli la mashuka, nikapita kama simjui. Chumba cha Daktari kilikuwa na kitanda chembamba, dirisha lililotazama maegesho ya magari, na kabati la vioo ambamo, badala ya vyombo, alipanga vitu vyake: koleo la kung'olea meno, medali mbili, chupa ya mchanga, muhuri wa konsuli uliokauka wino. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza jina. "Tusajigwe," nikasema. "Tumebarikiwa," akasema papo hapo, maana alikuwa ameishi kwa Wanyakyusa miaka kumi na mmoja. "Na wazazi hawajambo? Na nyumbani je? Na njiani, baridi imekukamata?" Nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyozoea kumjibu kila mtu mzima. Akageuza sikio. Nikarudia kwa nguvu. Akageuza sikio jingine. Kwa mwezi mzima niliamini kwamba mzee yule ni kiziwi, mpaka nilipomkuta akizungumza Kiingereza safi na muuguzi wa zamu kuhusu vidonge vyake, sauti ya chini kabisa, anasikia kila kitu. Aliponiona mlangoni hakuona haya. "Masikio yangu ni ya kidiplomasia," akasema. "Yanachagua."

Basi nikamwandikia kwa Kiswahili, kila Jumatano na Jumamosi, kwenye kompyuta ya mapajani niliyoazima shuleni. Kitabu chenyewe, cha maisha yake, kilikuwa na sababu. Chama cha Watanzania wa mjini kilikuwa kimepanga kumpa heshima kwenye sherehe ya Muungano mwezi wa nne, na mwenyekiti alimwomba maisha yake yaandikwe kijitabu cha kugawa kila meza. Daktari alitaka kiwe kwa Kiswahili chote, hata kama nusu ya vijana wa ukumbini wangekitazama kama hati ya mahakama. Na maisha yenyewe yalikuwa na utamu. Alinisimulia alivyokamatwa kwenye mpaka mmoja wa jangwani akishukiwa kuwa jasusi, akakaa mahabusu siku tisa, siku ya kumi mkuu wa kituo akavimba shavu kwa jino; Daktari akaling'oa kwa lile koleo la kabatini, akarudishiwa pikipiki na kupewa mbuzi wa nyongeza. Alinisimulia alivyokuwa konsuli, akapatanisha manahodha wawili waliogombea kinyozi. Nilicheka mpaka nikasahau kuficha mdomo. Shuleni, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na kitu cha kusimulia, na kwenye meza ya chakula nilimwambia msichana mmoja aliyekaa karibu nami kwamba namjua mtu aliyewahi kumwokoa mama na mtoto katikati ya mafuriko, kwa mikono mitupu. Aliniuliza, "Kweli?" Nikasema kweli. Nilitembea na jibu hilo siku nzima kama nimevaa kiatu kipya.

Hadithi ya mto ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo aliyotaka ifunge kijitabu. Mara ya kwanza, mwezi wa kumi, alinisimulia hivi: mchana wa mvua kubwa, Land Rover ya misheni imekwama ukingoni, ng'ambo hakupitiki, nyuma ya gari amelala mwanamke ambaye mtoto amelala kingamo tumboni mwake na mkono umetangulia kutoka. Yeye Daktari akapiga magoti tope likimfika mapajani, mvua ikimchapa mgongoni, akamgeuza mtoto na kumvuta kwa miguu. Niliandika. Mwezi wa kumi na moja aliirudia ili nikaze maneno, na safari hii mvua haikumchapa, kwa sababu nesi wake alisimama nyuma akiwakinga kwa mwavuli. Niliandika hivyo pia, na kwenye daftari langu, kwa kuwa mimi huandika kila kitu, nikaweka tu: "Leo kuna mwavuli." Sikuwaza zaidi. Watu wazima hukumbuka kwa mafungu, nilijua hivyo kutoka kwa Mama.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, saa za chakula. Jikoni walimpelekea viazi vilivyopondwa, akavisukuma pembeni kwa kidole, maana alijua Mama amekuja na bakuli lake. Mama alikuwa mapumzikoni. Alipasha ugali na maharage yenye nazi kwenye chumba cha wahudumu, akafunga mlango ili msimamizi asione, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Daktari alikula kwa mkono wa kushoto. Tonge lilitetemeka njia nzima lakini lilifika.

"Wa kulia umeugomea lini, mzee?" Mama akamuuliza.

"Huu? Huu uliwahi kufa ganzi hata ujanani," akasema akicheka, mdomo umejaa. "Siku ile ya Mbaka, kwa kuushika ule mwavuli. Saa nzima juu, hivi. Nilishindwa hata kuendesha gari kurudi."

Nilikuwa naandika. Vidole vyangu vikasimama juu ya herufi. Mama hakuwa na habari ya daftari langu wala ya toleo la kwanza na la pili, yeye alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi ya kwao.

"Na mtoto alipona?"

"Alipona. Msichana. Wakamwita Subilaga."

"Jina zuri. Subilaga ndiye nani pale?"

"Nesi wangu," akasema Daktari, na tonge likaishia hewani.

Nasikia mpaka leo bomba la joto likigonga ukutani. Mama aliangalia bakuli, akaangalia dirisha, kisha akasema kwa upole kabisa, kama anavyosema anapowageuza wazee kitandani, "Mzee wangu, mimi ni Mnyakyusa. Mtoto akivutwa kwenye kifo, hupewa jina la aliyemvuta. Mbona huyu hakuitwa Wendel? Kwetu mtoto hapewi jina la mshika mwavuli." Akainuka, akachukua bakuli, akaenda kuliosha. Daktari akaniambia kwamba amechoka na kwamba hadithi ibaki kama ilivyokuwa mwezi wa kumi. "Diplomasia, binti," akasema bila kunitazama, "ni kujua cha kuacha."

Ndani ya basi nilifungua daftari nikazisoma siku zote tatu. Zilikuwa mbele yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe: mvua mgongoni, nesi na mwavuli, mkono uliokufa ganzi. Niwe mkweli, hasira yangu ya kwanza ilikuwa ya kujipenda. Nilikuwa nimeshajivunia hadithi ile mbele ya watu. Nilitaka iwe kweli, na ingekuwa rahisi kuiacha, kwa kuwa hakuna mtu katika ukumbi mzima wa sherehe kule Mississauga angesimama kumuuliza. Nilipomwambia Mama jikoni kwetu kwamba pengine haina haja, kwamba ni hadithi ya mzee tu, aliweka kisu chini. "Yule dada aliingiza mkono akamgeuza mtoto kwenye tope," akasema. "Halafu akarudi wodini kufua mashuka, kama mimi. Unajua ni watu wangapi wanafua mashuka ambao wewe hujui walifanya nini?" Kisha akaendelea kukata vitunguu. Alisema hivyo bila kunilaumu kwa ile siku ya korido, na sijui kama aliwahi kujua kwamba nilimwona.

Kumwambia Daktari kwa mdomo nisingeweza. Nilifanya nilichoweza. Nilichapa ukurasa mmoja, nikaandika tarehe tatu na chini ya kila tarehe maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza la kwangu hata moja, na chini kabisa nikaandika: "Mtoto aliitwa Subilaga." Jumatano nikaiweka juu ya meza yake alipokuwa amelala, pamoja na ile fomu yangu ya saa arobaini ambayo ni yeye tu aliyepaswa kuitia sahihi. Nikaondoka nikikimbia kama niliyevunja kioo.

Jumamosi niliambiwa mapokezi kwamba Daktari hapokei wageni. Jumatano hivyo hivyo. Mwenyekiti akampigia Mama simu kwamba kijitabu kinasubiriwa na mpiga chapa, na kwa nini mzee hashiki simu. "Umemfanya nini mzee wa watu?" Mama akaniuliza, nami nikamwonyesha nakala ya ukurasa ule. Aliusoma amesimama, midomo ikitembea, akaukunja mara nne akautia kwenye mfuko wa sare yake ya kazi. Usiku, wakati wa chakula, alinipakulia mimi kwanza, kabla ya watu wote. Nilikuwa tayari nimehesabu kwamba saa zangu zimepotea, na kwamba nitalazimika kuuza keki.

Wiki ya tatu akaniita. Nilimkuta ameketi kitini, amenyolewa, amevaa shati la kola kama anayekwenda kazini. Hakuniambia karibu. Alisema, "Fungua. Andika." Nikaandika naye akasimulia mto kwa mara ya nne, akisimama kila sentensi, si kwa kusahau. Siku ile ya mto alikuwa na miezi minne tu Tanzania. Jambo lile la kumgeuza mtoto alikuwa amelisoma kitabuni. Subilaga alikuwa amelifanya mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Yeye Daktari alipiga magoti kwanza, ndiyo, akatazama ule mkono mdogo wa bluu, na akashindwa kuugusa. "Andika akashindwa," akasema, kwa kuwa niliacha kuchapa. Subilaga akamwambia, kwa heshima zote, "Daktari, naomba ushike hapa," akampa mwavuli. Ganzi ya mkono nayo akataka niiandike.

"Na kwa nini ulisema ni wewe?" niliuliza. Hilo lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumuuliza bila yeye kunitaka niulize.

"Sikusema. Kwanza niliwaandikia wazazi wangu barua nikasema 'sisi'. Gazeti la mji wetu likaipata, likaandika 'yeye'. Sikuliandikia kulisahihisha, nilikuwa kijana, mama yangu alikata kipande kile akakitia kwenye fremu. Baadaye niliwasimulia watu kama gazeti lilivyosema. Na mwisho, Tusa, nikawa nakumbuka kama nilivyosimulia." Akatazama mkono wake wa kulia ukicheza juu ya goti. "Mkono tu ndio haukudanganywa."

Nikamuuliza Subilaga yuko wapi sasa. Akasema hajui. Alihamishwa, akaondoka, hakuandika. Aliniomba hilo nalo niliandike, nikaliandika.

Sherehe ilikuwa katika ukumbi wa kukodi kule Mississauga, pilau na sambusa kwenye masufuria makubwa, watoto wakikimbizana chini ya meza kwa Kiingereza, mwenyekiti akiomba utulivu kwa mara ya sita. Daktari aliletwa kwa kiti cha magurudumu, Mama akikisukuma, amevaa gauni la kitenge badala ya sare. Sauti ya mzee ilikuwa imeshakwisha nguvu. Ilikuwa wazi hawezi kusoma. Alipomwambia mwenyekiti kwamba karani wake ndiye atakayesoma, niliinuka nikaenda mbele nimezikumbatia kurasa kifuani. Sikumbuki kurasa za mwanzo. Nakumbuka kwamba kwenye jino la mkuu wa kituo watu walianza kucheka, na kwamba kicheko kina joto ukikipokea usoni. Kisha nikafika mtoni. Nilisoma tope, nikasoma mkono wa bluu, nikasoma "akashindwa", na ukumbi ukatulia kwa namna ambayo mwenyekiti hakuwa ameipata jioni nzima. Niliposoma kwamba Daktari alipewa mwavuli aushike, kicheko cha kwanza kilitoka nyuma yangu, kwake mwenyewe, kikavu kama kikohozi, ndipo watu wote wakapata ruhusa ya kucheka. Kwenye meza ya mbele palikuwa na bibi mmoja aliyekuja kutoka Tanzania kumsaidia binti yake kulea watoto. Akapaza sauti, "Na mwavuli wenyewe ulikuwa wa nani?"

Jibu halikuwamo kwenye ukurasa. Niligeuka. Daktari alinyoosha mkono, nikampelekea kipaza sauti mdomoni.

"Wake," akasema.

Vilipigwa vigelegele ambavyo sijavisikia tena hata harusini. Havikuwa vya Daktari, naye alijua, alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea barua kwa niaba ya jirani. Vilikuwa vya mwanamke aliyegeuza mtoto kwenye tope na kurudi kufua mashuka. Mama alipiga vyake akiwa ameshika vipini vya kiti, machozi yakimtiririka, na mimi nikasema kwenye kipaza sauti, bila kuandikiwa na mtu, "Yule pale ni mama yangu. Anafanya kazi ya uhudumu." Fomu yangu ilirudi wiki iliyofuata. Kwenye nafasi ya kueleza kazi iliyofanyika, kwa herufi zilizotapakaa kama punje za mchele, Daktari alikuwa ameandika neno moja: kusahihisha. Ofisini shuleni waliniuliza maana yake, nikawaeleza kwa sauti ya kawaida.

Nimemsikia mtu akisema kwamba kuvuka jangwa kwa pikipiki ndiko kulikuwa ujasiri wake. Mimi niliandika kurasa zote, na naona alikuwa jasiri zaidi katika zile wiki tatu za mlango uliofungwa. Ndiyo maana, baada ya ibada ya kumuaga, watu walipohamia chumba cha pembeni kwa kahawa na keki ya tofaa, sikukubali kuondoka. Nilimfuata binti yake, Ulrike, aliyesafiri kutoka mbali na ambaye hajui Kiswahili, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ndiye niliyekuwa karani wa baba yake na kwamba aya ya tatu ina kosa. Alinikodolea macho mekundu. "Hivyo ndivyo alivyotusimulia tulipokuwa wadogo," akasema. "Najua," nikamwambia, "na baadaye alisimulia tena." Mama akafungua mkoba, akatoa kijitabu cha sherehe ile, kingo zimelainika kwa kushikwa. Nikamtafsiria ukurasa wa mwisho pale pale, sentensi kwa sentensi, amesimama na kikombe kinachopoa. Nilipofika kwenye "akashindwa" alifumba macho. Nilipomsimulia swali la yule bibi, na jibu la "wake" ambalo halikuchapwa, alicheka, kicheko kile kile kikavu, nikashtuka.

"Nakala za wasifu zilizobaki tunazituma kwa ndugu zetu Ujerumani," akasema. "Huyo nesi, jina lake linaandikwaje?"

Tukaketi watu watatu kwenye kona ya meza, makombo ya keki pembeni, tukazisahihisha zote kwa kalamu. Mama aliandika jina la Subilaga polepole, herufi kubwa ya mwanzo akiipamba kidogo, kila nakala kama ya kwanza. Nimebaki na moja, iko mbele yangu ninapoandika. Pale palipochapwa "kwa mikono yake mwenyewe", Ulrike amekata mstari mmoja ulionyooka, na juu yake ameandika maneno ya Kijerumani. Nilimuuliza maana yake.

"Alishika mwavuli," akanitafsiria, "mpaka mkono ukafa ganzi."